Bahari Haina Mlango wa Nyuma

Ndugu msomaji, nikikwambia kwamba Januari 2025 nilikwenda likizo Barbados, kisiwa cha Karibi, na watu wanaopanda mawimbi kwa ubao, najua utakachosema. Utasema huyu naye keshaota mapembe. Wenzangu wa Ngamiani, Tanga, nilipowaandikia walinijibu kwa neno moja tu: "Umetajirika?" Sijatajirika. Nasafisha ofisi hapa London kuanzia saa kumi na moja alfajiri, na kidato cha nne nilikimaliza kwa kujikongoja. Ila nina mama mdogo aliyeolewa na mtu mwenye asili ya kisiwa kile, na nina kaunta buku ambayo naijaza riwaya isiyokwisha. Hivyo viwili ndivyo vilivyonifikisha huko.

Nauli tulichangiana. Nusu walitoa wao, nusu nilitoa mimi, kwenye fedha nilizokuwa nikiweka ninunue kompyuta ya kuandikia. Mama mdogo aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamwambia, mama, kompyuta itasubiri, kalamu ninayo. Akacheka, akasema, "Haya, ila ujue huendi kukaa bure. Utanisaidia kupika na kumwangalia huyu mdogo." Nikaona hiyo ni haki.

Baba mdogo ni fundi umeme. Siku za kazi ni mtu wa kawaida kabisa, anarudi na vumbi, anakula, analala. Lakini baridi ya Ulaya ikishaanza kuuma, utamkuta anatazama ramani za hali ya hewa kama mvuvi wa Kwale anayesubiri kaskazi itulie. Kwani wale wapanda mawimbi wakati wao ndio huo. Mimi nilitaka kujua sababu, maana mwandishi asiyeuliza ataandika nini?

Akanieleza hivi. Upande wa mashariki wa Barbados unapigwa na upepo wa mashariki karibu mwaka mzima. Lakini mawimbi makubwa yaliyojipanga vizuri hayatokani na upepo ule tu. Yanatoka mbali, kwenye dhoruba za kaskazini mwa bahari ya Atlantiki, ambazo wakati wa baridi huwa kali zaidi. Dhoruba hupiga huko, maji yakasukumwa, na mawimbi yakasafiri siku kadhaa, maelfu ya kilomita, yakiachana nafasi njiani kama askari wa gwaride. Kwenye kina kirefu huyaoni sana. Yakikuta mwamba chini, miguu yao inakwama, vichwa vinaendelea mbele, ndipo yanaposimama na kuvunjika. "Dhoruba tunawaachia wenzetu wa kaskazini," alisema, "sisi tunapokea salamu zake."

Kisiwa chenyewe ni kidogo, bwana. Kilomita za mraba 431. Pemba yetu ni zaidi ya mara mbili ya hapo. Upande wa magharibi bahari imetulia kama maji ya karai, huko ndiko kwenye mahoteli. Sisi tulikwenda upande wa pili, Bathsheba, katika parokia ya Saint Joseph. Huko ufukweni kuna mawe makubwa ya matumbawe, chini yamelika kwa maji, juu mapana, yamesimama kama uyoga wa majitu. Kuna minazi, kuna mivinje, kuna njia ya reli ya zamani ambayo treni yake iliacha kazi mwaka 1937. Na mbele yake liko wimbi lenyewe, wanaliita Soup Bowl, yaani bakuli la supu, kwa ajili ya povu linalochemka pale. Kelly Slater wa Marekani, bingwa wa dunia mara 11, amepanda mawimbi pale na kulisifu. Chelsea Tuach, msichana wa Barbados, alifika kwenye ligi kuu ya dunia ya wanawake mwaka 2016. Kwa hiyo usidhani ni mchezo wa watalii peke yao. Asubuhi nilikuwa nawaona watoto wa pale pale, wembamba, weusi kama mimi, wakishuka mlimani na mbao kichwani.

Ukisimama Bathsheba ukatazama mashariki moja kwa moja, mbele yako hakuna nchi. Kama kilomita 4,500 za maji matupu, na nchi utakayoikuta ni Afrika Magharibi. Jambo hilo nililiandika siku ya kwanza, nikapigia mstari mara mbili.

Tulifikia kwa Mzee, baba yake baba mdogo. Yeye ndiye hasa aliyenifanya niandike makala hii.

Mzee alizaliwa Bathsheba mwaka 1939. Mwaka 1956 shirika la usafiri la London, London Transport, lilianza kuajiri watu Barbados kwenyewe, na serikali ya kisiwa ikawa inawakopesha nauli, wanailipa kidogo kidogo kwenye mshahara. Mzee alikwenda mwaka 1960, kijana wa miaka 21. Akawa kondakta, halafu dereva wa basi. Alizaa huko, akazeeka huko, na alipostaafu akarudi kujenga juu ya kilima, mahali ambapo bahari yote unaiona. Lakini kiti chake kibarazani kimeuelekea mlango wa nyumba. Bahari iko mgongoni.

Mama mdogo alinionya mapema. "Wewe mwana, usimwulize Mzee habari za bahari. Kaa naye, mmenyee shelisheli, basi."

Nikamenya shelisheli. Kwani nani wa Tanga asiyejua shelisheli? Mzee alinieleza kwamba tunda lile si la kwao. Miche yake ililetwa Karibi na nahodha Mwingereza, William Bligh, mwaka 1793, kutoka Tahiti, ili wenye mashamba ya miwa wapate chakula rahisi cha kuwalisha watumwa. Na siku ya pili akanifundisha kusonga kuukuu, chakula chao cha taifa pamoja na samaki wale wanaoruka. Ndugu msomaji, kuukuu ni ugali wa sembe uliochanganywa na bamia, unasongwa kwa mwiko mpaka mkono unauma. Nilipoushika ule mwiko nikausonga, Mzee alinitazama muda mrefu. "Nani kakufundisha?" aliniuliza. Nikamjibu, bibi yangu. Akasema, "Na mimi ni bibi yangu."

Tokea hapo akanizoea, na bila ya kuulizwa akanieleza mwenyewe. Alikuwa na kaka yake, mvuvi. Asubuhi moja ya mwaka 1957 waliondoka watatu, boti ikarudi na wawili. Hakuna dhoruba, hakuna nini, bahari ya kawaida tu. Mama yao alikuwa na msemo ambao watu wa Barbados wote wanao: bahari haina mlango wa nyuma. Maana yake, nyumbani ukikimbizwa unaweza kutokea uani. Baharini huna pa kutokea. Mzee alipopata watoto London, aliwakataza maji. Baba mdogo alijifunza kwa siri, ana miaka 20, huko Cornwall kwenye maji ya baridi, baba yake akidhani yuko kazini.

Na mimi nikamweleza yangu. Nimezaliwa hatua chache kutoka baharini, nimelala na sauti yake miaka kumi na tisa, lakini kuogelea sijui. Kwetu mtoto wa kike kazi yake ni kuokota chaza maji yakipwa. Kujitosa ni habari ya wavulana. Tena mjomba wangu alikuwa mvuvi wa ngalawa. Siku moja ngalawa ilionekana, yeye hakuonekana. Bibi akafunga mjadala wa bahari nyumbani kwetu kama mtu anavyofunga duka.

"Na jamaa zako wengine waliacha kuvua?" Mzee aliniuliza.

"Walikaa matanga, wakarudi baharini," nilimjibu. "Wangekula nini?"

Akatikisa kichwa. Hakusema kitu.

Sasa sikiliza kilichotokea siku ya sita.

Usiku ule mawimbi yaliongezeka. Tulilala tukisikia ngurumo, na asubuhi bahari ilikuwa imesimama. Baba mdogo alitazama nusu saa nzima kabla ya kukubali. Binti yao ana miaka 13, tangu ana saba yumo majini na baba yake, anajua kusoma wimbi kuliko mimi ninavyojua kusoma magazeti. Baba akamwambia akae pembeni, kwenye mkondo wenye kina, asiende katikati. Mimi nilikaa mchangani na yule mdogo wa miaka tisa. Mama mdogo alikuwa anasoma chini ya mvinje.

Nilimwona binti akigeuza ubao. Nilimwona akipiga makasia kwa mikono. Wimbi lilimnyanyua juu sana, akasimama, kwa nukta moja alikuwa mzuri mno nikataka kupiga kelele za shangwe. Halafu ubao ukachoma pua chini, na wimbi likamfunika.

Wanavaa kamba mguuni inayowaunganisha na ubao. Kamba ikikatika, ubao unakwenda zake. Baada ya kitambo niliuona ubao unakuja ufukweni, umejaa povu, unageukageuka. Ulikuja peke yake.

Msomaji, sitaki kuipamba habari hii. Mtu asiyejua kuogelea akiwa ufukweni wakati kama ule ana kazi moja tu, kutazama. Nilimshika mkono yule mdogo nikaubana mpaka akalia. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu. Wimbi la pili likapita. Kumi na moja, kumi na mbili. Wimbi la tatu. Nyuma yangu nikasikia ukelele wa Kitanga, mkavu, wa msibani: "Mwanangu! Jamani mwanangu!" Alikuwa mama mdogo. Miaka yote niliyokaa nao London sijawahi kumsikia akisema Kiswahili na watoto wake. Anasema watachanganyikiwa shuleni. Siku ile Kiingereza chote kilimkimbia.

Vijana wawili wa pale walikwishaona. Walilalia mbao zao wakaenda kama mishale, na baba mdogo akitokea upande wa pili. Binti aliibuka mbali sana na mahali tulipokuwa tunatazama, kwenye ule mkondo, kichwa kidogo cheusi. Akashika ubao wa baba yake. Wakangoja mawimbi yapite, wakarudi kwa kuzunguka. Yote hayo labda dakika tano. Alipofika mchangani alitembea kwa miguu yake mwenyewe, akatapika maji, akasema kwa Kiingereza kwamba kamba ya mguuni ilikuwa mbovu. Nyayo zake zilijaa miiba ya wale viumbe wa miambani walio kama nungunungu wadogo.

Tulipogeuka ndipo tulipomwona Mzee. Alikuwa ameshuka kilima chote, miaka 85, kwa ndara za ndani. Alikuwa amesimama majini, maji yanampiga vifundoni, suruali imelowa mpaka magotini. Hakuna aliyemwambia kitu.

Jirani alileta ndimu na sindano. Mimi nikakumbuka kwamba kwetu wavuvi hutumia utomvu wa papai bichi, nikaomba papai uani kwa watu, nikalichanja, nikampaka nyayoni. Jirani mmoja mama mtu mzima akanitazama akasema kitu, mama mdogo akanitafsiria kile Kiingereza chao: "Anasema umelelewa." Basi nikajisikia nami nimefanya kazi yangu.

Usiku ndio uliokuwa mgumu. Ukuta wa mbao hauzuii maneno. Mama mdogo alisema mtoto wake hagusi tena maji yale, na kama mtu anataka kufa na afe peke yake. Baba mdogo alisema mtoto akiondoka Barbados hivi hivi, hofu itamkaa maisha. Wakabishana mpaka wakafika kwenye mambo yasiyohusu bahari. Pesa. Miaka. Nani alimfuata nani. Nilikuwa nimelala na watoto, wote macho, na binti aliniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wataachana?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nikamshika kichwa tu.

Asubuhi walikaa mezani kila mtu na upande wake. Mzee akapasua yai, akatia chumvi, akasema bila ya kumtazama mtu. Nayaandika maneno yake kwa Kiswahili kama nilivyoyaelewa:

"Mimi nilikataza. Nilikataza kwa nguvu zote. Na huyu bwana alikwenda akajifunza kwenye maji ya ugenini, baridi, peke yake, hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa nchi kavu kumtazama. Angekufa, ningepigiwa simu na polisi. Kama huyu mtoto atajifunza tu, na ajifunze hapa, sisi tukiwa tunamtazama."

Halafu akamgeukia mama mdogo. "Lakini wewe ni mama yake. Siku utakayosema hapana, ni hapana."

Mama mdogo alilia kidogo. Akasema siku mbili za kupumzika, kamba mpya ya mguuni, na wimbi lisilozidi kiuno. Ndivyo ilivyokuwa. Siku ya tisa binti alirudi majini, kwenye maji madogo, na ufukweni tulikuwa wanne tunamtazama. Mzee hakushuka tena. Kiti chake hakukigeuza pia. Watu wa umri ule hawageuzi viti. Lakini aliuliza asubuhi, "Anaingia saa ngapi?" na saa ile ilipofika alisimama dirishani.

Niliporudi London nilikwenda maktaba, kwa sababu swali lilinikaa. Nilitaka kujua kama watu wetu waliiogopa bahari tangu zamani. Nikakuta kwamba Mjerumani mmoja, Michael Hemmersam, aliyekaa Pwani ya Dhahabu, ambayo leo ni Ghana, katika miaka ya 1640, aliandika kwamba wazazi wa pale waliwafunga watoto kwenye mbao na kuwatia majini ili wajifunze kuogelea. Sisi tumezoea kusikia kwamba mchezo huu ulianza Hawaii na visiwa vingine vya Pasifiki, na ni kweli kwamba huko ulikuwa mkubwa kuliko popote. Lakini kumbe watoto wa Afrika walilalia mbao baharini karibu miaka 400 iliyopita. Na miaka hiyo hiyo ya 1640 ndipo Waingereza wa Barbados walipoanza kilimo kikubwa cha miwa na kuagiza watu kwa majahazi kutoka Afrika Magharibi. Utumwa uliendelea pale mpaka 1834, na uhuru kamili ukaja 1838. Bahari ile ninayoambiwa haina mlango wa nyuma, kwa watu wale haikuwa na mlango wa kurudia kabisa. Sidai kwamba hiyo ndiyo sababu ya kiti cha Mzee. Sababu ya kiti cha Mzee ni kaka yake. Ila sasa nikimwona binti kichwani mwangu, amelalia ubao, anatazama upande wa Afrika akingojea wimbi, naona kuna watu wengi nyuma yake.

Wewe unayetaka kuwa mwandishi kama mimi, labda umekwishasikia jina la George Lamming. Alizaliwa Barbados mwaka 1927, akahamia Uingereza mwaka 1950, na mwaka 1953, hajatimiza hata miaka 27, akatoa riwaya yake ya kwanza, In the Castle of My Skin, kuhusu mtoto wa kijijini kwao. Inaanza na mvua na mafuriko siku mtoto anapotimiza miaka tisa. Alifariki mwaka 2022. Nataja habari zake kwa sababu moja. Alikuwa kijana, yuko kwenye baridi hii hii ya London, na hakuandika habari za London. Aliandika kijiji alichokiacha. Nikisoma hilo napata nguvu, maana hapa watu huniuliza, "Nani atasoma riwaya ya Kiswahili kuhusu bibi wa Tanga?" Nami huwajibu, nani alingojea kusoma habari za kijiji cha Barbados?

Riwaya yangu ilikwama sura ya nne karibu mwaka mzima. Ilikwama mahali ambapo ngalawa inarudi bila ya mjomba. Nilikuwa najua kuandika ngalawa. Sikujua kuandika wale waliosimama ufukweni, wanafanya nini na mikono yao, wanahesabu mpaka ngapi. Sasa najua. Bibi yangu alisimama pale siku mbili, na hakuna aliyehesabu pamoja naye.

Siku mbili kabla ya kuondoka, baba mdogo alinipeleka upande wa magharibi, kwenye yale maji ya karai. Nikaingia na nguo ndefu na kilemba. Akaniwekea mkono mgongoni, akaniambia nilegeze shingo, nitazame mbinguni. Masikio yakajaa maji, dunia ikanyamaza. Akatoa mkono. Nilielea labda kwa nukta tano, nikazama, nikanywa maji, nikakohoa, nikaomba tena.

Sasa kila Jumapili jioni nakwenda bwawa la manispaa hapa mtaani, saa ya wanawake. Mwalimu ni mama wa Kisomali anayejua maneno machache ya Kiswahili cha Mombasa na anayatumia yote kunigombeza. Nimefika mita 15. Riwaya imefika sura ya saba. Mama mdogo naye amenunua kofia ya kuogelea, bado iko kwenye mfuko wake, na binti ameanza kuniuliza kila siku neno moja la Kiswahili. La kwanza alilotaka kujua lilikuwa lile alilolisikia akiwa anaibuka majini. Nikamfundisha kuliandika: mwanangu.